Mchicha Usioliwa

Siku habari zilipoingia mtaani kwamba mjukuu wa Fundi Betri amekutwa na risasi mwilini, watu waliacha kazi zao wakaja mbio. Kinyozi alifika na taulo bado begani, mteja wake kamwacha kitini na nusu ya nywele. Muuza mkaa alikuja na rungu, maana yeye haendi penye ugomvi mikono mitupu. Wote swali lao lilikuwa moja tu: nani kafyatua?

Fundi Betri alikuwa kwenye kiti chake cha plastiki mlangoni, kajishika tama. Aliyewajibu ni binti yake, ndiyo kwanza katoka hospitali, mtoto kambeba mgongoni, macho yamemwiva kwa kulia. Akawaambia hakuna bunduki yoyote. Hii risasi ni madini, yale mazito ya kijivu yaliyomo ndani ya betri za magari. Yameingia kwenye damu ya mtoto kwa sababu mtoto anatambaa uani, na akitambaa anatia mikono mdomoni kama watoto wote duniani, na udongo wa ua huu umelishwa vumbi la betri miaka thelathini.

"Aa," akasema muuza mkaa, akashusha rungu lake. "Kumbe hakuna aliyefyatua."

Fundi Betri aliinua uso, akakutana na macho ya binti yake, na pale pale akajua aliyefyatua ni nani.

Sasa huyu Fundi mjueni vizuri, msije mkamchukia bure. Miaka thelathini betri ya gari ikikata roho, ililetwa kwake. Aliipasua kwa shoka, asidi akaimwaga nyuma ya nyumba, vibao vya ndani akavikung'uta, risasi akaiyeyusha kwenye sufuria kuukuu na kuunda vichwa vipya vya betri. Alifanya kazi huku anapiga mluzi. Hakuna aliyemwambia kitu, si waliomfundisha kazi wala waliomletea. Na tena alikuwa msafi, jamani! Ua wake ulifagiwa asubuhi na jioni, mchele ungemwaga pale ungeuokota wote. Alifagia kutoka nyuma kuja mbele, kavu kavu, vumbi likipanda juu. Alidhani anasafisha. Kumbe alikuwa anaichukua sumu kule alikoimwaga na kuileta mpaka mlangoni, alipokuwa anatambaa Kibonge.

Kibonge ndiyo jina walilompa huyo mjukuu, kwa mashavu yake. Tangu mkewe Fundi alipofariki, mtoto huyo ndiye aliyeijaza nyumba kelele. Sasa mashavu yalikuwa yamekwisha, tumbo linamsokota, usiku halali.

Binti alifunga mizigo siku hiyo hiyo. Hakugombana. Afadhali angegombana.

"Baba, sina kinyongo na wewe," alisema langoni. "Lakini mwanangu hatakanyaga udongo huu mpaka upone."

"Udongo unaponaje?"

"Sijui, Baba. Wewe si ndiye fundi?"

Neno hilo lilimkaa kooni mwezi mzima. Akafunga karakana, shoka akalifungia stoo, akaenda ofisi ya mazingira na udongo wake kwenye kopo la maziwa. Wakampa mtaalamu wa udongo, binti mdogo mdogo mwenye miwani na buti kubwa kuliko yeye. Alikuja, akapiga ua mzima mistari, akachota udongo kila mahali, akaupeleka kupimwa. Aliporudi na karatasi hakumpamba kwa maneno.

"Kule nyuma ulikomwaga asidi ni kubaya sana, mzee wangu. Ule udongo mweusi tutaukwangua, tuufungie kwenye mapipa, ukatupwe panapotupwa sumu. Hata hivyo pale patabaki na uzio miaka mingi. Lakini huku mbele risasi si nyingi hivyo. Huku mimea inaweza kutusaidia."

"Mimea gani hiyo ya ajabu?"

"Mchicha."

Fundi alicheka, kwa mara ya kwanza tangu mtoto aondoke. Yule mtaalamu hakucheka. Akamweleza kwamba mchicha una njaa, unavuta kila kilichomo ardhini, chakula na sumu pia, haujui kuchagua. Kidogo kidogo risasi inapanda na mizizi mpaka kwenye majani. Ukikomaa unaung'oa na mizizi yake, unaukausha, unauweka kwenye magunia, gari la ofisi linakuja kuuchukua. Kisha unapanda tena.

"Hauliwi," alisema, akihesabu kwa vidole. "Haupewi kuku, haupewi mbuzi. Hauchomwi moto. Na usiuache uoze hapo hapo, maana ukiurudisha ardhini umeirudisha na risasi."

"Itachukua muda gani?"

"Miaka mitatu, tukiwa na bahati. Na mwisho tutafunika kwa udongo safi na nyasi."

Miaka mitatu! Lakini Fundi alipiga moyo konde. Mtu aliyezoea nyundo akajifunza kushika mbegu ndogo kama vumbi la tumbaku. Kule nyuma watu wa ofisi wakaukwangua udongo mweusi, wakazungushia uzio; yeye akajifunga kitambaa puani, akavaa glovu, akapanda ua wote wa mbele. Kufagia akaacha, akawa anamwagia maji.

Mchicha ukaota. Ukaota jamani, mpaka ukawa kero! Majani mapana kama viganja, mabichi yanameremeta, mtu akipita barabarani lazima ageuze shingo. Na hapo balaa likaanza, maana watu walianza kuomba.

"Fundi, nipe kifungu kimoja tu."

"Hauliwi huu."

"Mbaya si ni udongo? Mchicha tutauosha."

"Risasi haioshiki! Imo ndani ya jani."

Wakamwangalia, wakaangalia ule mchicha, wakaona wanadanganywa mchana kweupe. Nani kapanda bustani nzima ya mboga asiyokula, asiyouza, asiyogawa, halafu anaing'oa na kuitia kwenye magunia? Wakamwita Mkono wa Birika. Kinyozi, ambaye mdomo wake haujui likizo, akasema mzee ana soko lake la siri. Fundi angeweza kuwakalisha chini akawaeleza yote, lakini angeanzia wapi? Angeanzia kwenye shoka na ile asidi. Habari ya vumbi la betri walikwisha kuisikia kwa binti yake, lakini sasa ingembidi aseme kwa mdomo wake mwenyewe, "Mimi ndiye niliyemtia mjukuu wangu sumu." Mdomo haukufunguka. Akaona bora aitwe mchoyo. Akakaa kwenye kiti chake cha plastiki siku nzima na ufagio mkononi, akifukuza kuku wa watu.

Binti yake alikuwa anakuja kumsalimia kila baada ya miezi michache. Alisimama langoni, Kibonge kambeba kiunoni, hamshushi. Damu ya mtoto ilikuwa inasafika kwa dawa, na mashavu yalikuwa yanarudi. Alikuwa anakua vilevile. Mwaka wa kwanza alibebeka. Mwaka wa pili miguu ilikuwa inaning'inia mpaka magotini mwa mama yake, na mama anatoka jasho, lakini kumshusha, thubutu! Babu alinyoosha mkono juu ya lango, akamshika kidole, basi. Wakiondoka, Fundi aliingia ndani akafunga mlango.

Mwaka huo wa pili ndipo alipokuja Dada.

Dada alikuwa mkubwa wa Fundi kwa miaka kumi, ndiye aliyemlea. Amelima maisha yake yote, na alipofika alikuja na begi moja na jembe lake mwenyewe, kwa sababu majembe ya watu hayaamini. Habari ya mtoto alikuwa anaijua kwa simu tu, na kwenye simu Fundi alikuwa amesema maneno machache, haraka haraka: mtoto ana risasi, imo kwenye udongo wa hapa nyumbani, naihangaikia. Kisha akakata.

"Ehe, na hiyo risasi imefikia wapi?" Dada aliuliza jioni ya kwanza.

"Bado imo ardhini. Imetawanyika ua mzima."

"Ua mzima!" Dada akashika kiuno, akautazama ua kwa muda mrefu. Fundi akageuza maneno, akamuuliza habari za safari.

Asubuhi yake Fundi aliondoka kwenda ofisi ya mazingira kufuata magunia, maana mchicha ulikuwa umekomaa na kesho yake alikusudia kuung'oa. Akamwambia Dada apumzike. Sasa kumwambia Dada apumzike ni sawa na kumwambia kinyozi anyamaze. Fundi aliporudi mchana, magunia begani, alisimama langoni akapigwa na butwaa. Mchicha haukuwepo. Ua wote ulikuwa matuta, yamenyooka kama yamepigwa rula, na katikati yake Dada amesimama na jembe, jasho linamtiririka, uso umejaa furaha.

"Mdogo wangu, nimegeuza udongo wote, shibiri mbili kwenda chini. Risasi sijaiona hata moja! Hata ganda! Hao majambazi labda waliokota wenyewe. Na ule mchicha uliozeeka nimeufukia wote humu humu, ardhi itanona."

Magunia yalimdondoka Fundi.

"Dada! Umenimaliza!"

"Nimefanya nini tena?"

"Umenirudishia sumu yote! Miezi yote hii, Dada, jani kwa jani!" Akakaa chini pale pale langoni, mtu mzima, akashika kichwa. Alitaka kumwambia afungashe begi lake na jembe lake. Lakini alipomtazama, akaona uso wa Dada umemshuka kama wa mtoto aliyevunja sahani, akajiuliza: atajuaje, na hajaambiwa? Kosa la leo lilikuwa limetoka kwenye mdomo wake mwenyewe, uliofungwa.

"Hakuna majambazi, Dada," akasema. "Hiyo risasi si ya bunduki. Ni madini ya betri. Niliyamwaga mimi. Miaka yote ile nimeyamwaga hapa kwa mikono yangu, nikayafagia mpaka mlangoni, mjukuu wangu akayala."

Alikuwa hajawahi kuyasema kwa sauti. Yalipotoka aliona kifua kimekuwa chepesi na macho yamejaa maji.

Dada akaegemea jembe lake. Kisha akauliza polepole, "Na mchicha?"

"Mchicha ulikuwa unayatoa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliona haya."

"Haya!" Dada akafoka mpaka kuku wa jirani wakaruka. "Mimi niliyekufuta kamasi! Mimi niliyekutoa mwiba makalioni! Unanionea haya mimi, halafu unaniacha nisake maganda ya risasi kama mwehu?" Akafoka weee, kisha akachoka. Akautazama udongo. "Nimeufukia tangu asubuhi. Haujaoza. Bado mzima kabisa. Haya, inuka. Lete hizo glovu."

Wakaanza kufukua. Tuta kwa tuta, jani kwa jani, mzizi kwa mzizi, vitambaa puani, wanapepeta udongo kwa vidole na kutia magunia yale. Siku tatu. Siku ya pili kinyozi akachungulia juu ya ukuta, akauliza kulikoni, mnazika na kufukua? Fundi akainama. Dada akasimama wima.

"Sikiliza wewe, na kawatangazie wenzako! Risasi aliimwaga mdogo wangu mwenyewe kwa kazi yake. Alikuwa hajui. Sasa anajua, anaitoa. Huu mchicha ni sumu, si uchoyo! Atakayegusa jani moja nitamkata mkono kwa jembe hili!"

Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze, risasi na yote. Lakini hakuna aliyemcheka. Kesho yake muuza mkaa alikuja bila rungu, kabeba magunia kumi matupu. Akaomba glovu. Kinyozi naye alikuja, akapepeta udongo huku anaongea, na tangu siku hiyo hakuna aliyeomba mchicha. Kuku walifungiwa kwao.

Mtaalamu wa udongo alipopima tena, alisema wamepoteza kidogo tu, majani machache yaliyokatika. Wakapanda tena, wakang'oa, wakapanda. Dada hakurudi kwao. Mwaka wa tatu ulipoisha, karatasi ikaja: huku mbele namba imeshuka chini ya mstari wa hatari. Likaja lori la udongo safi, ukatandazwa, nyasi zikapandwa juu yake, zikashika. Kule nyuma uzio ukabaki, na mchicha ukapandwa ndani yake, na utaendelea kuota miaka mingi.

Fundi alimpigia simu binti yake. Safari hii hakukata haraka.

Walikuja mchana. Binti alisimama langoni kama kawaida, Kibonge kiunoni, miguu sasa inakaribia kugusa chini yenyewe. Alipokea karatasi kwa mkono mmoja, akaisoma. Akairudia.

"Na kule nyuma?"

"Kule bado, mwanangu. Sikufichi. Kuna uzio, una kufuli." Fundi akanyoosha kidole. "Na kuna shangazi yako."

Dada alikuwa mbele ya uzio, jembe begani. Binti akacheka ghafla, bila kutaka, na kicheko hicho kikamwishia kwenye machozi. Akafungua lango, akaingia hatua tatu, akainama. Akamshusha mtoto.

Kibonge alisimama juu ya nyasi, kaunyanyua mguu mmoja kama kuku. Maisha yake yote aliyoyakumbuka, hapa palikuwa mahali pa kubebwa. Akamtazama mama yake.

"Mama, nikanyage?"

"Kanyaga, mwanangu. Kanyaga."

Akakanyaga. Fundi Betri alilia pale pale, mbele ya Dada, mbele ya kinyozi na muuza mkaa waliokuwa wamejipanga ukutani, wala hakuona haya.