Jina la Afisa wa Picha

Mume wangu, Évariste Kalaba, anaziba rejeta za magari hapa Lubumbashi, na bahari hajaiona hata siku moja. Hata hivyo mtaa mzima unamwita Kapiteni, na kosa ni la baba yake.

Marehemu baba mkwe alikuwa mpishi wa Wazungu. Sebuleni kwao ilining'inia picha ya afisa wa majini wa zama za matanga: kofia pana, koti jeupe, vifungo vya shaba, na chini yake jina, Évariste Kerlavos. Mzee akalipenda, akambatiza nalo mwanawe. Na kwa kuwa jina halitolewi tupu, akatunga na maneno ya kulisindikiza: "Mwenye jina lako hakukimbia maji."

Kwetu, somo wako, yule uliyepewa jina lake, anakuachia na tabia zake. Basi Évariste, mtu anayeogopa hata maji ya beseni, akajilazimisha. Mwaka ule mto ulipofurika, aliingia mpaka shingoni akamtoa jirani yetu, bibi Kapya, mgongoni. Alitoka akilia kwa hofu. Nilimtukana kwanza, ndipo nikamkumbatia. Baadaye akashona koti jeupe la sikukuu. Nilisema ni ujinga mtupu, ila pasi nilipiga mimi.

Mwezi uliopita Exaucée, mke wa mwanetu Élie, alijifungua mvulana. Mjukuu wa kwanza hupewa jina la babu, hilo halina mjadala. Élie akatafuta habari za yule afisa kwenye simu ili azisome siku ya sherehe. Mdomo wake haujui kungoja. Alizisoma mezani, bukari, ugali wetu, ikapoa.

Kerlavos alipanda merikebu angali mvulana, akajifunza kukunja matanga juu ya milingoti. Akawa luteni kwenye merikebu iliyobeba watumwa kutoka Kilwa hadi visiwa vya miwa. Kisha mfalme wake akabadili sheria, naye akapandishwa cheo, akatumwa kuwakamata wanaobeba watumwa. Akafa kitandani, ana nishani.

"Huyu muntu iko muzuri ao iko mubaya?" mume wangu akauliza.

Hata mimi kichwa kilivurugika: siku ile mtoni, aliyemsukuma mume wangu alikuwa afisa yupi, wa kwanza aliyebeba watumwa, au wa pili aliyewakamata wabebaji?

Évariste akaacha kuitika Kapiteni. "Musimupatie mutoto hii majina," akasema. "Iko na damu." Kesho yake akasema apewe. Keshokutwa yake akakataa tena. Nilimwonea huruma, na alinichosha.

Siku ya sherehe alikaa ndani ya koti lake, vifungo vingine amefunga, vingine amesahau. Exaucée akamwekea mtoto mapajani bila kumwomba ruhusa.

"Papa, ni majina ya weye njo tunapatia mutoto. Ule wa kofia hatumujui."

"Sasa miye nitafwata nani?"

Kabla hajajibiwa, mtoto akalikojolea lile koti jeupe. Sote tulingoja aruke, maana tunaijua hofu yake ya maji. Évariste alimtazama mtoto usoni, akabaki pale pale, maji yakimchuruzika mpaka viatuni.