Safari ya Kujaribu Springi

Kaka yangu alilileta gari lile Mbinga juu ya lori, limefungwa kamba kama ng'ombe anayepelekwa mnadani. Lilikuwa gari la mbio la milango miwili, la Kiingereza, lenye umri mkubwa kuliko wangu. Alilinunua Songea kwa mkandarasi mmoja wa kigeni aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao. Ulikuwa msimu wa kahawa. Wanunuzi binafsi walikuwa wameruhusiwa kuingia vijijini, ushirika ulikuwa hoi, na kaka, aliyekuwa akinunua kahawa kwa niaba ya tajiri mmoja wa mbali, alijikuta amekuwa mtu wa kusalimiwa kwanza. Wenzake walinunua pikapu. Yeye alinunua gari ambalo ukikaa ndani yake unahisi makalio yanaburuzwa barabarani.

Mimi nilikuwa fundi, nina kibanda changu nyuma ya soko. Tulizaliwa wanaume wawili tu, yeye wa kwanza, mimi wa mwisho. Mama alikwisha fariki, na baba aliishi peke yake Namswea, kwenye shamba la kahawa lililokaa ubavuni mwa mlima, akilima mahindi na maharage kwenye ngolo, yale mashimo yetu ya mteremkoni yanayozuia mvua isiondoke na udongo. Kazi hiyo ilikuwa imempinda mgongo. Tena miaka ya karibuni alikuwa amepata ule ugonjwa wa wazee wanaume, wa kwenda haja ndogo kila mara na kushindwa kuizuia. Hakuwahi kuutaja. Tuliujua kwa kuona.

Gari halikuweza kufika Namswea. Siku ya kwanza kaka alipojaribu, sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, iligonga jiwe kabla hajaipita hata shule, na wanawake waliotoka kisimani wakasimama kumtazama akichungulia uvunguni akiwa na suti. Mmoja wao alimuuliza kama amepoteza sindano. Kaka hakucheka. Alirudi kwangu na hasira hiyo, akaimwaga kwenye kibanda changu.

Alitaka magurudumu mapya na springi mpya. Lile gari lilikuja na magurudumu membamba ya spoki, kama ya baiskeli kubwa, kila moja limeshikwa na nati moja tu katikati, ya kupigwa nyundo. Spoki nyingi zilikuwa zimelegea. Springi za mbele zilikuwa zimechoka, zile bapa za nyuma zimelala, na shokapu zilivuja mafuta. Ukilikandamiza bodi kwa mkono, linanesa na kuendelea kunesa kama kitanda cha kamba.

Ninaikumbuka kazi ile vizuri kuliko nyingi nilizofanya maishani, na siwezi kusema haikuwa kazi nzuri. Habu zote, vile vitovu vya kushikia magurudumu, nilizibadilisha ili gari lipokee ringi pana za kufunga kwa nati za kawaida. Ringi zenyewe zilitoka kwenye gari la Kijapani lililopinduka njia ya Songea. Mbele niliweka springi za pikapu, nikazikata kidogo ili pua isiinuke kupita kiasi. Nyuma niliongeza bapa moja juu ya zile za zamani, nikafunga shokapu mpya zilizoagizwa Dar es Salaam. Bushi zote nikatoa, nikaweka nyingine. Matairi mapana yalipogusa kingo za madigadi, nilizikunja kingo zile kwa ndani, taratibu, kwa nyundo na kipande cha mninga, rangi isipasuke.

Kaka alikuwa akija kila siku kusimamia, na kila siku alikuja na watu. Aliwasimamisha pale, akawaeleza gari litakavyokuwa, halafu akanieleza mimi. Alisema ukoo wetu umejaliwa kichwa kimoja na mikono miwili, na kwamba mikono ndiyo hiyo iliyolala chini ya gari. Watu walicheka. Siku nyingine aliitupa spana niliyokuwa nimeiomba, ikaangukia kwenye dimbwi la oili, akaniambia niifuate kwa meno. Nilikuwa na mke na mtoto wakati huo, na mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na chakula changu. Niliifuata kwa mkono. Alisema basi, nimemharibia mchezo.

Kazi ilipokwisha, gari lilikaa juu vya kutosha kupita kwenye mawe, na lilikuwa limeshika ardhi kwa miguu minne kama mnyama. Ukilikandamiza, linashuka mara moja, linapanda, linatulia. Lilikuwa gumu, ndiyo. Nilimwambia kaka kwamba litakimbia vizuri kwenye kona, ila abiria atalihisi kila jiwe kwenye uti wa mgongo wote. Akajibu kwamba hakununua gari kwa ajili ya abiria.

Wakati huo alikuwa akimchumbia msichana wa pwani ya ziwa, upande wa Lituhi. Wazazi wake walikuwa Wanyasa, watu wa kanisa, baba yake ana mitumbwi na nyavu, na walikwisha mwambia kaka kwamba hawatazungumza na kijana peke yake. Walitaka kumwona mzazi. Kaka akaona atapiga ndege wawili kwa jiwe moja: atampeleka mzee, na hapohapo atajaribu springi kwenye miteremko ya kwenda ziwani. Mimi nilipaswa kukaa mbele ili nisikilize magurudumu. Baba akakaa nyuma.

Kile kiti cha nyuma hakikuwa kiti. Kilikuwa ubao uliovikwa ngozi, cha kuwekea begi. Nilisema baba akae mbele, nitajikunja mimi. Kaka alisema masikio ya fundi yanatakiwa mbele, na mzee ni mfupi. Baba mwenyewe alisema hakuna neno. Alikuwa amevaa koti lake la kwenda misani, lile la kaki nzito, na kofia mkononi. Tulimkunja tukamwingiza kama shuka kwenye sanduku.

Gari lilikwenda. Nisiwe mnafiki: lilikwenda hata mimi nikasahau kwa muda aliyekaa nyuma yangu. Kaka aliingia kwenye kona na gari halikulala. Kwenye makorongo magurudumu yaliruka na kutua palepale tulipotaka. Alikuwa akicheka peke yake, akinipiga begani, na kwa mara ya kwanza katika maisha yetu aliniambia kwamba nimefanya kazi.

Baba aliomba tusimame. Alisema kwa Kimatengo, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba maji nyumbani kwa watu. Kaka akasema tukishafika chini. Baadaye kidogo akaomba tena, nami nikamwambia kaka asimame, mzee ana haja. Kaka alijibu kwamba akisimama kwenye mteremko hatajua breki na springi zinavyosaidiana gari likiwa na joto, na kwamba watu wazima hujizuia. Akaongeza mwendo. Kila jiwe lilipopita chini yetu nilisikia pumzi ikimtoka baba. Nilishika usukani kwa mkono mmoja, kaka akanipiga kiwiko cha uso, gari likayumba kando ya bonde, nikauachia. Baba hakuomba tena.

Kabla ya kuingia kijijini, ziwa limekwisha onekana lote kando ya barabara, harufu ikajaa ndani ya gari. Kaka akasimama palepale. Alitoka, akanishusha, akakikunja kiti changu, akamtazama baba, kisha akatazama ngozi ya kile kiti.

"Vua koti ufute," alisema.

Baba hakuelewa, au alielewa. Alianza kufungua vifungo, kimoja kimoja. Kaka akamvuta nje, akamvua koti mwenyewe, akafuta nalo kiti mpaka kwenye mishono, akalitupa kwenye nyasi. Nikamshika shati. Alikuwa na nguvu kuliko mimi, na alinisukuma kwenye madigadi niliyoyakunja kwa mikono yangu. Halafu akamgeukia baba tena, akiwa ametulia kabisa sasa, na akasema maneno ambayo miaka yote hii nimetafuta namna ya kuyasikia vingine, sijaipata.

"Ningepakia mbuzi ingekuwa afadhali. Mbuzi angalau huliwa."

Kisha akatoa amri. Suruali ya baba ilikuwa imelowa mbele, na wakwe hawawezi kuona hivyo. Kwa hiyo baba aingie ziwani alowe mwili mzima, waambiwe ameteleza alipokuwa akinawa. Baba alikuwa mtu wa milimani. Maji mengi kuliko ya karai alikuwa akiyaona kwa mbali tu. Alivua viatu, akavipanga pamoja, akaanza kutembea kuingia majini na shati lake. Nilimfuata. Maji yalipofika kiunoni alinishika mkono kwa nguvu iliyoniumiza, na tulisimama hivyo, mawimbi madogo yakitupiga tumboni, mpaka kaka alipopiga honi.

Wenyeji wetu walitupokea kwa heshima. Mama wa yule msichana aliisikia habari ya kuteleza, akamtazama mzee kwa kitambo, akaingia ndani akamletea kitenge kikavu na shuka la kujifunika. Hakuuliza chochote. Tukakaa kwenye baraza. Msichana mwenyewe alipita na maji ya kunawa, amepiga magoti, na kaka alikuwa akilielezea gari kwa baba yake, kwamba hakuna lingine kama hilo kutoka Songea mpaka ziwani. Tukala ugali wa muhogo na samaki waliovuliwa siku hiyo. Baba alikula vizuri. Hilo lilinishangaza.

Baada ya chakula, baba wa msichana alikohoa, akasema kwamba sasa wamefurahi, kijana amefanya walivyomwomba, amemleta mzazi wake, na wangependa kumsikia mzee.

Kimatengo wale hawakukijua, nasi Kinyasa hatukukijua. Baba alizungumza Kiswahili, kile cha kanisani, neno moja moja, ili lisipotee hata moja.

"Nashukuru kwa chakula," alisema. "Huyu hapa ni mwanangu." Akaniwekea mkono gotini. "Yule mwingine simfahamu. Alinikuta njiani, akanipa lifti."

Kaka alicheka. Alidhani ni mzaha wa kizee. Akasema, "Baba, waeleze." Baba akaendelea kutazama ziwa. Kaka akaniambia mimi niwaeleze, na baba wa msichana akanigeukia. Nilisema wazee hawajibiwi mbele za watu. Ndipo kaka alipopiga magoti kwenye sakafu ya wakwe zake, na ile suti, akamshika baba miguu. Baba aliivuta miguu yake chini ya kitenge, taratibu, kama mtu anayempisha kuku.

"Kijana," alimwambia, "usinifuate. Mimi si ndugu yako."

Mwenye nyumba alikuwa mtu mwerevu. Nadhani alijua kwamba uongo ulikuwemo mahali, na hakuhitaji kujua ni wapi. Alisimama, akasema kwamba mambo ya aina hii hayaharakishwi, na kwamba kijana akipata mzazi atakaribishwa tena. Kaka aliondoka bila kuaga. Tulilisikia gari likipanda kilima, na nilisikia wazi, kwa masikio ya kazi yangu, kwamba hakuna kilichogonga wala kulia. Sisi tulilala kwa wale watu, tukarudi siku ya pili juu ya lori lililobeba dagaa wa ziwani.

Nilidhani itapita. Nyumbani kwetu watu hugombana wakati wa mavuno na kupatana wakati wa kupanda. Kaka alikwenda Namswea, akasimama uani, akasema, "Shikamoo, baba." Baba alikuwa akimenya kahawa kwa mashine ya mkono. Aliendelea kuzungusha. Kaka alirudi Krismasi, na Pasaka, na safari nyingine nyingi. Alileta mabati, baba akawagawia majirani. Alileta padre, na baba akampokea padre, akamkalisha, akamwuliza huyu aliyekuja naye ni katekista wa kigango gani.

Miaka ikaenda. Bei ya kahawa ikaanguka, yule tajiri wa mbali akahamia kwenye korosho, na kaka akauza ringi, kisha shokapu, kisha injini. Bodi ilikaa juu ya mawe nyuma ya nyumba aliyopanga. Waliokuwa wakicheka naye kibandani kwangu sasa walimcheka yeye, na kwa sauti kubwa zaidi, kwa maana walikuwa wamekunywa bia zake. Alioa mwanamke mwingine, mpole, na watoto wao nikawapeleka mimi kwa babu yao. Aliwapokea. Aliwamenyea miwa. Aliwaambia kwamba wao ni watoto wa rafiki yangu mimi.

Baba alipougua mwisho, nililala hospitalini naye. Asubuhi moja, akiwa na akili zake zote, nilimwambia kwamba kaka yuko nje kwenye benchi tangu jana, na kwamba imetosha. Nilitarajia anikatalie kwa ukali. Alijibu polepole tu.

"Hasira iliisha zamani," alisema. "Lakini nilishasema."

Nikamwuliza kama nimwite. Akafumba macho, akasema anataka uji. Nilipotoka kuutafuta, kaka aliinuka kwenye benchi, akasoma uso wangu, akakaa tena.

Tulimzika Namswea. Wazee wa ukoo walikuwa wameachiwa neno na baba, na udongo wa kwanza walinipa mimi, mdogo. Kaka alisimama nyuma pamoja na waombolezaji wa kutoka mbali. Lakini majembe yalipoanza alichukua moja, akafukia mpaka mwisho, wala hakumpisha mtu.

Jioni hiyo, watu wamepungua uani, alinifuata akaniuliza baba alisema nini hospitalini. Nilifikiri nidanganye. Nikamwambia yote, kwamba hasira iliisha zamani. Alijisugua malengelenge ya jembe kwenye viganja.

"Mwaka gani?" akaniuliza.

Nikamwambia sijui, hakusema. Alitikisa kichwa mara kadhaa, akavaa viatu vyake, akaenda kuwasaidia wanawake kukusanya sufuria.