Akchuali Mbele ya Wakwe

Mkasa huu ningeupeleka kaburini, lakini mdogo wangu Shija ameshaanza kuusimulia, na kila akiusimulia ananiongezea kiherehere ambacho sikuwa nacho (nilikuwa nacho, ila si kiasi hicho), kwa hiyo bora mnisikie mwenyewe nikijiaibisha kwa kipimo changu.

Mimi ni mtunza stoo wa duka la vifaa vya ujenzi hapa Mwanza. Siku moja tajiri alinipeleka kwenye semina, na mkufunzi wa pale, kijana mtanashati, hakuwa akianza sentensi bila kusema akchuali. Akchuali mteja ni mfalme, akchuali naomba mfunge dirisha. Maana yake sikuuliza kwa sababu hakuna aliyeuliza, jioni nikarudi nalo nyumbani Ilemela, nikalitumia dukani, nikalitumia kanisani kwenye matangazo, na niliona kabisa watu wananisikiliza kwa adabu mpya.

Ndipo Shija akapata mchumba, Neema, wa huko Kisesa karibu na Bujora, na kwa kuwa baba yetu ni marehemu na mimi ndiye mkubwa, ikawa mimi ndiye wa kwenda kumposea. Kwenye gari, tukiwa na Shija mwenyewe, shangazi yetu, ambaye ananijua tangu sina meno, aliniambia, "Masanja baba, wale wanataka maneno machache. Sema Kiswahili chako cha kila siku, tumalize, tule, turudi." Nikamwambia nimekuelewa, shangazi. Na kweli nilimwelewa, ila tulipoingia nikamwona mjomba wa binti amevaa tai, nikaona mtu wa tai humwendei mikono mitupu, nikaamua nitalisema lile neno mara moja tu, pale mwanzoni.

Tuliamkiana, shikamoo na marahaba zikaisha, tukawekewa soda zikiwa na vifuniko vyake, maana kwa watu wale mgeni wa posa hafunguliwi soda mpaka alichokuja kuomba kikubaliwe. Kifungulio alikuwa nacho bibi yake Neema, amekifunga kwenye pindo la khanga, na hapo ndipo ningepaswa kujua mwenye uamuzi ni nani. (Yule wa tai, kumbe, alikuwa ametoka tu kazini.)

Nikasimama nikasema akchuali tumekuja kuomba. Wakaitikia vizuri kwa vichwa, nami nikanogewa. Nikasema akchuali kijana wetu hanywi pombe, akchuali ni mtu wa kanisa, anafanya kazi kiwanda cha minofu ya samaki, akchuali ukoo wetu hauna ugomvi na mtu, hana mke wala mtoto mahali pengine, akchuali tumempenda Neema. Shangazi akanivuta koti kwa chini. Nikadhani ananipongeza.

"Baba," bibi akasema, "mimi sikusoma. Hilo neno unalolirudiarudia maana yake nini? Nisije nikakubali kitu nisichokijua."

Tangu semina ndiyo mara ya kwanza mtu kuniuliza. Nikamjibu kile kilichonijia. "Bibi, ni kama kusema kwa kweli. Kwamba jambo hili ni la kweli kabisa."

Bibi akafikiri kidogo, halafu akaanza kukunja vidole. "Kwa hiyo pombe hanywi, hiyo ni kweli. Kanisa ni kweli. Ugomvi hamna, ni kweli. Lakini kazi hukuiwekea hilo neno. Na mke na mtoto hukuwawekea."

Neema, aliyekuwa mkekani na mama zake wadogo akitazama chini kama alivyofundwa, akainua macho akamwangalia Shija. Niliogopa yale macho kuliko nilivyomwogopa bibi, kwa sababu niliona wazi kwamba mdogo wangu anaweza kumkosa huyu mwanamke kwa ajili ya mdomo wangu.

"Bibi, ni mazoea tu ya kuongea," nikasema.

"Basi rudia hayo mawili, uyawekee."

Nikajiweka sawa. "Akchuali, Shija hana mke wala mtoto popote." Bibi akaitikia. "Akchuali, Shija anafanya kazi kiwandani."

Shija akakohoa, na hakuwa na kifua.

"Kaka, kaa chini," akasema, kisha akasimama yeye. "Bibi, kiwandani walitupunguza. Sasa hivi nanunua dagaa mwaloni, wavuvi wanaposhusha, nauza mitaani. Kaka hajui. Niliogopa atanisema."

Nilikaa. Lile neno nilikuwa nimelitumia miezi bila kujua maana yake na halijamdhuru mtu, na siku niliyolitumia nikijua maana yake ndiyo siku lilipokuwa uongo.

Shangazi akainuka bila kuombwa. "Wazazi wetu, tumekuja kumwomba Neema. Kijana mmemsikia mwenyewe." Akakaa, na hotuba ilikuwa hiyo tu.

Bibi akamgeukia mjukuu wake. "Ulijua?"

"Nilijua, bibi. Mimi ndiye niliyemwambia auze dagaa."

Bibi akafungua pindo la khanga, akampa Shija kifungulio, awafungulie watu kwa mkono wake. Shija akaanza kwa wazee, akazunguka, na alipofika kwangu bibi akasema, "Ya huyo iache kwanza." Nikarudi Ilemela na soda yangu mapajani, ina kifuniko chake.

Walioana, na kwenye sherehe maikrofoni haikupitishwa upande niliokaa. Nimeapa neno lile halitatoka tena kinywani mwangu, na halijatoka, ila leo kwa kuwasimulia ninyi. Lakini Neema hajasahau. Nikienda kwao Jumapili ananiwekea soda, anakaa na kifungulio mkononi, anauliza, "Shemeji, habari za kazini?" Nikijibu nzuri, hafungui, anasubiri tu huku anatabasamu. Juzi nikachoka, nikamwambia tajiri anataka kufunga duka na sijui nitakwenda wapi.

Akafungua.