Ukurasa Mmoja, Watu Wawili

Siku yangu ya kwanza katika chuo cha theolojia, juu kidogo ya Ogembo, mkuu wa chuo aliutazama mzigo wangu wa vitabu kisha akanitazama mimi. Alikuwa mchungaji mnene, mtu wa haraka.

"Mwalimu, umesomea mambo ya Wayahudi miaka yote hiyo. Hapa Ogembo umeona Myahudi hata mmoja?"

"Sijaona."

"Sasa?"

Nikamwambia kwamba wachungaji wake husoma maandiko ya watu hao kila Jumapili, na ni adabu kumsikiliza mwenye nyumba kabla ya kusimulia habari za nyumba yake. Akacheka, akanipa darasa. Nilifundisha chini ya wakuu kadhaa, na kila mmoja aliniuliza swali lile lile. Inachosha.

Ninyi mnaosomea kwenye simu, kila mtu na yake, niwaeleze kazi ilivyofanywa. Tulisoma Talmudi, yaani mijadala ya marabi, walimu wa sheria ya Kiyahudi. Humo hata hoja iliyoshindwa huhifadhiwa, maana huenda kesho ikahitajika. Kusoma peke yako hakufai. Unahitaji havruta, mwenzi wa kusoma: watu wawili, ukurasa mmoja, mnasoma kwa sauti na kupingana mpaka jasho liwatoke. Mwenzi anayekubali kila kitu ni hasara tupu.

Wanafunzi wengi walinichosha kwa kukubali. Walilelewa wakijua mkubwa hajibizwi. Moraa, binti wa mkulima wa chai kutoka Itumbe, hakuwa hivyo. "Hapana, mwalimu, hapo umeruka," alikuwa akisema, na kweli nilikuwa nimeruka. Alipohitimu akawa msaidizi wangu. Tulibishana hata mpishi wa chuo akadhani tumekosana. Nilijua huyu ndiye atakayelishika somo nikiondoka, nami nikawa na amani.

Kisha akaolewa na mwanangu, Mogaka.

Nilifurahi, nikala, nikacheza. Sikufikiri mbele. Kwetu Abagusii kuna chinsoni, miiko ya heshima kati ya wazazi na watoto, na mkali zaidi ni ule wa baba mkwe na mke wa mwanawe. Hatupeani mikono, siingii nyumbani kwake, wala hatujibizani. Jumatatu baada ya harusi, Moraa alihamia meza nyingine. Nikasoma, nikakosea kwa makusudi. Alitazama chini.

"Ni sawa, Tata," akasema.

Hakuwa amewahi kuniita baba. Mtu mwingine angelipokea neno hilo kwa furaha, lakini mimi liliniuma.

Nilipokaribia kustaafu, mkuu wa mwisho, kijana aliyependa mambo yaende, aliniita ofisini. "Somo nitampa huyo mama. Lakini kwanza mfundishe pamoja muhula mmoja, nione akikukosoa mbele ya wanafunzi, maana somo lenu ni ubishi. Kama hawezi, nalifunga. Hiyo chinsoni yenu iacheni nyumbani."

Nikamsimamisha Moraa uwanjani, kila mmoja upande wake wa njia, nikamsihi. "Mama, nakuomba, nipinge. La sivyo somo linakufa."

Akajibu bila kuniangalia. "Tata, si ni wewe ulitufundisha kwamba kwa marabi, kumheshimu baba ni pamoja na kutopinga neno lake? Na baba mkwe pia ni wa kuheshimiwa. Nikikupinga ili nipate darasa, nitaingia hapo nifundishe nini?"

Alinishinda kwa somo langu mwenyewe. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Somo likafungwa.

Sasa niko nyumbani Kebirigo. Magoti yamechoka, macho yamechoka, na ukurasa ninaousoma peke yangu hauniambii kitu. Lakini Jumamosi alasiri jirani yetu mmoja, mke wa mwalimu, huja jikoni kwa Moraa, hatua chache kutoka kwangu, wakafungua kitabu kimoja na kuanza kubishana. Sauti zao hunifikia shambani.

Desturi yetu ni baba mkwe kukohoa anapokaribia, ili waliomo wajiweke sawa. Mara ya kwanza nilikohoa. Wakanyamaza, wakanisalimu vizuri, nikaletewa chai, na ubishi ukaishia hapo. Siku hizi nasimama katikati ya michai, mkono mdomoni, nikikizuia kikohozi.