Picha ya Mheshimiwa Dukani kwa Ami Alwi

Nimechoka na wewe. Ndiyo, wewe unayesoma hapa ukingoja treni pale Cedar-Riverside, huku kwetu Minnesota. Kila siku "serikali imekataa", "serikali imechelewesha", "serikali haitutaki". Serikali ipi? Ukiulizwa unatumbua macho. Wachezaji wa Arsenal unawajua mpaka wa akiba, lakini aliyekalia faili lako humjui, wala humjui anayeweza kumuuliza. Na usiniambie ati hayo ni mambo ya wasomi. Mimi chuo kikuu nilikiona kwa nje tu, haya nimejisomea kwenye simu. Kwa hivyo kaa, nikupe habari za Fathiya. Yalimpata kwa sababu ya watu kama wewe.

Fathiya ni mtu wa Kuze, Mombasa. Anaishi Hopkins, kwenye zile fleti za zamani ambazo hita zake hugonga kama fundi bati, na kazi yake ni jikoni kwenye kampuni moja huko Golden Valley, anakaanga mayai ya watu wenye vitambulisho shingoni. Ana binti mmoja yuko shule. Kule nyumbani amebaki mama yake, Bi Arafa, peke yake, na presha ya macho. Jicho la kushoto limeshakwenda. La kulia linafuata.

Ndiyo maana Fathiya aliutaka uraia. Raia anaweza kumwombea mzazi wake aje. Akajirekodi maswali ya mtihani kwenye simu, akawa anayaimba huku akivunja mayai, vile vile alivyohifadhi sura madrasa akiwa mdogo. Matawi ya serikali ni mangapi? Matatu: bunge, rais, mahakama. Nini kinazuia tawi moja lisiwe na nguvu kupita kiasi? Kila tawi linayazuia mengine. Siku ya mtihani aliulizwa hilo la mwisho, akalitema kabla afisa hajamaliza kusema. Afisa akacheka. Fathiya akapita. Angeulizwa maana yake ni nini, angejibu maana yake nimepita.

Akamwombea mama. Bi Arafa akaenda Nairobi, akahojiwa ubalozini, akaambiwa kesi yake inafanyiwa uchunguzi zaidi. Tangu hapo kimya. Fathiya akipata likizo huenda Mombasa, akakaa naye wiki chache, akarudi na moyo mzito. Kuhamia hawezi. Mtoto yuko shule, na kazi ya mayai ndiyo inayowalisha wote watatu.

Hapo ndipo anapoingia Ami Alwi. Ana duka la simu na manukato Cedar-Riverside, na nyuma ya kaunta ametundika picha yake na mheshimiwa, wameshikana mikono kwenye futari.

"Huyu ni wangu," alimwambia Fathiya, akiipangusa picha kwa kiwiko. "Nikipiga anashika."

"Ni mbunge, ami?"

"Mbunge, ndiyo! Kwani mimi napiga picha na makarani?"

Kwetu pwani mheshimiwa haendewi mikono mitupu, wala mtu haendi peke yake. Hutangulia mtu mzima, halua hufuata, na haja huja mwisho, tena kwa kuzunguka. Wakaenda hivyo hivyo Saint Paul, ofisini kwa mheshimiwa. Alwi na kofia yake ya kushonwa kwa mkono juu ya koti la baridi, Fathiya na buibui lililopigwa pasi na kikapu cha halua. Mheshimiwa hakuwepo. Akawapokea msaidizi wake, dada mmoja mwenye tabasamu. Alwi akauliza habari za baridi, akauliza habari za watoto, akalisifu jengo, mwisho kabisa akasema huyu binti ana mama yake, kuna jambo la viza, mtutazamie. Yule dada akaonja halua, akasema inasikitisha sana, wataangalia kama kuna la kufanya.

Balaa lilianzia hapo. Mtu wa Minnesota hakwambii hapana usoni, na mtu wa pwani haulizi mara mbili. Yule dada alijua amekataa kwa heshima. Fathiya alijua amekubaliwa. Akampigia mama yake, "Mheshimiwa ameshika jambo letu," na Bi Arafa akaanza kumwombea dua mheshimiwa huyo kila baada ya sala. Majani yakapukutika, theluji ikaanguka, ikayeyuka. Fathiya hakupiga simu Saint Paul hata mara moja. Angeonekana hana adabu.

Kisha Bi Arafa akaungua mkono. Alidhani jiko lake bovu limezimika, akapapasa sufuria, akashika moto. Jirani alimkuta ameutia mkono kwenye ndoo ya maji, anamsihi asimwambie Fathiya. Jirani akamwambia Fathiya.

Adabu ikaisha siku hiyo. Akapiga simu.

"Jamani," alisema yule dada, "mimi nilidhani mlinielewa. Sisi ni bunge la jimbo. Shule, barabara, leseni. Viza ni ya federal, serikali kuu ya Washington. Ni mbunge wenu wa Congress, bunge la huko, ndiye wa kumwona, na ofisi yake ya hapa haiko mbali na nyinyi."

"Mbona hukuniambia siku ile?"

"Sikutaka kuwavunja moyo."

Fathiya akaenda moja kwa moja dukani kwa Alwi. "Ami, yule si mbunge wa Washington."

Alwi akaitazama picha. "Lakini ni mbunge."

"Ni mbunge wa barabara, ami!"

"Barabara nazo ni serikali," akajibu kwa sauti ndogo, akaanza kupanga chupa za manukato ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Safari hii Fathiya alikwenda peke yake, bila halua. Kwenye ofisi ya mbunge wa Congress alikutana na kijana mmoja asiyezunguka. "Sisi tunatunga sheria," alimwambia. "Ubalozi uko chini ya rais. Kuwauliza tunaweza. Kuwaamuru hatuwezi." Wakauliza. Jibu likaja: uchunguzi unaendelea. Wakauliza tena, jibu lile lile.

Ndipo akamwona Generosa, wakili Mtanzania.

"Dada Fathiya, limebaki tawi la tatu," alisema Generosa. "Tunaweza kwenda mahakama ya federal, tumwombe jaji awaamuru watoe uamuzi."

"Jaji atampa mama viza?"

"Hapana. Akikubali, atawaambia waamue. Hawaambii waamue nini. Na ubalozi ukishasema hapana, mara nyingi majaji hawaigusi hapana hiyo."

"Kwa hivyo naweza kushinda kesi nikamkosa mama."

"Unaweza. Sitakudanganya."

Kila tawi linayazuia mengine. Ule wimbo wake wa mayai. Aliukumbuka garini, akazima injini, akakaa.

Alwi alipopata habari alimpigia. "Mwanangu, usiishtaki serikali. Zama hizi watu wakibishiwa hodi hawafungui, wakiogopa ni maafisa wa uhamiaji, wewe ndiye waenda kuwabishia?"

Mchana, wakati wa mapumziko, Fathiya alitoka jikoni akasimama kwenye maegesho akampigia mama yake. Kule ilikuwa usiku.

"Mkubwa wao ni nani?" aliuliza Bi Arafa.

"Hakuna mkubwa, mama. Ni watatu, na kila mmoja amemshika mwenzake mkono."

"Wote wameshikana mikono? Basi nani apika?"

Fathiya akacheka, kicheko kikamkatikia njiani. Akamweleza yote, mpaka ile hapana isiyoguswa.

"Waambie waseme," akasema Bi Arafa. "Wakisema hapana nitalia, kisha nitajua nakaa. Sasa hivi sikai wala siendi. Hata jiko lile bovu sijalibadilisha, kila siku najiambia, la nini, nami naondoka?"

Ule mkono ulioungua, kumbe ulikuwa umemngojea mheshimiwa.

Kesho yake Fathiya alitia sahihi, vidole bado vinanuka kitunguu. Kesi iko mahakamani. Simu anaiweka kwenye mfuko wa aproni, ingawa hairuhusiwi jikoni, na ikitetemeka anaacha mayai yaungue. Mpaka leo haijatetemeka kwa jambo hilo. Jiko la Kuze ni lile lile.

Sasa wewe. Kama una picha na mheshimiwa ukutani, iteremshe leo. Mpigie simu, kama kweli anashika, umuulize: wewe ni wa bunge lipi, na mwisho wa uwezo wako ni wapi? Akikujibu, liandike jibu chini ya picha kwa herufi kubwa, ndipo uitundike tena. Na akija mtu na shida ya mama yake, usimwambie "huyu ni wangu". Kama hujui, mwambie hujui, umwache awahi kwingine. Nakuomba hilo tu, na kama una duka kama la Ami Alwi, ulifanye kabla hujalifungua.