Picha Ambayo Hakuipanua

Kampeni za 2015 zilipopamba moto, majirani wa Mlali walimpelekea simu zao mpiga picha mstaafu awakagulie picha za wagombea. Alivaa miwani, akazipanua picha kwa vidole vilivyobabuliwa na dawa za kusafishia filamu, kisha akasema taratibu, "Hii imeunganishwa, msiisambaze." Lakini ile iliyomwonyesha Hosiana, mgombea udiwani, akitia saini kuuza chanzo cha maji cha kijiji, hakuipanua. Hakumpenda mama yule, akaituma kwenye kundi la WhatsApp. Hosiana alishindwa. Wiki ile ile akaja kwake.

"Shikamoo, kaka. Nitazamie na hii."

Ilikuwa picha ile ile. Safari hii akaipanua. Uso ulikuwa wa Hosiana, mikono ya mwanamke mwingine.

"Imeunganishwa," alisema. "Na niliyeisambaza ni mimi. Nisamehe."

Jioni aliungama kwenye kundi. Wakamjibu kwamba amehongwa.