Mtini wa Baba na Mdomo wa Mume Wangu

Nikisikia mtu anasema mume wangu ndiye aliyeleta tini kijijini kwetu, damu inanichemka mpaka leo. Wanasema harusini, wanasema msibani, na mwenyewe anakaa pale anatabasamu. Alileta nini huyu? Alileta mdomo wa kulia.

Tini zilitoka kwa baba yangu. Kwetu ni upande wa Mkiwa, nchi ya joto na vumbi, na nyuma ya jiko letu palikuwa na mtini mmoja. Baba aliupata kama kijiti tu, kwa mfanyabiashara ambaye baba alimjengea ukuta. Hatukuumwagilia maji wala kuutia mbolea. Ulijibana kwenye ukuta wa mawe, na kila mwaka tulikula mpaka midomo ikawasha kwa ule utomvu wake mweupe. Nilipoolewa, miaka michache baada ya uhuru, baba alikata vijiti viwili, akavifunga kwenye gunia lililolowa, akaniambia, "Mti huu usiubembeleze, mwanangu. Upe mawe na jua, basi."

Jua! Niliolewa bondeni, upande wa msitu wa Mgori, mahali ambapo ukungu wa asubuhi hauna haraka ya kuondoka, na mwezi wa saba baridi inakufuata hadi ndani ya tembe. Maji ya mvua yakishafika pale hukaa kama mgeni asiyejua kuaga.

Baba mkwe wangu alikuwa mtu mwema, sina ugomvi naye. Alichukua kijiti kimoja akakipa mahali pa heshima. Na kwa mfugaji, mahali pa heshima ni wapi? Ubavuni mwa zizi, kwenye samadi ya kufika magotini, mahali ambapo maji yote ya mteremko yanaishia. Nilitaka kupiga kelele. Lakini kwetu mkamwana hasemi na baba mkwe uso kwa uso. Hata njiani nilikuwa nampisha kwa kuingia vichakani. Neno langu lilipaswa kupita kwa mume wangu. Nikamwambia, "Mwambie baba pale utaoza. Tuupande kule juu kwenye jabali, mawe yanashika joto la mchana." Akaenda. Nilikuwa jikoni nawasikia.

"Mkeo anasemaje?" baba mkwe akauliza.

"Anashukuru sana, baba."

Nilipombana, alinijibu kwamba hawezi kumfundisha baba yake pa kupanda mti kwa maneno ya mwanamke aliyefika juzi.

Mtini wa zizini ulistawi kwa fujo. Majani yalikuwa mapana kama ungo na wageni waliusifu. Matunda yalitoka, yakajaa maji, yakaota ukungu yakiwa bado mabichi, yakadondoka, na mwishowe mti wenyewe ukaoza mizizi, ukafa. Kijiti cha pili nilikipanda mwenyewe chini ya jabali, upande unaopigwa na jua la alasiri. Nilijaza mawe shimoni, nikaweka mchanga, samadi sikutia hata konzi moja. Walinicheka, eti bibi harusi anapanda mawe. Mwaka wa tatu tini zikaiva, zikawa nyeusi, zikapasuka zenyewe kwa utamu. Za kwanza nilimpa mume wangu. Alikula nne, akalamba na vidole. Kwa hiyo alijua. Hilo mlishike: alijua.

Kisha ikaja amri ya kuhamia kijiji cha ujamaa. Tembe zetu ziliezuliwa ili tusirudi, tukapangwa kwa mistari upande wa pili wa bonde. Baba yangu naye alihamishwa kule kwao. Ukuta wake ulibomolewa na mtini wake ukawa kuni. Uliobaki duniani, kwa ninavyojua mimi, ulikuwa ule wangu wa jabalini.

Bwana shamba aliuona, akaupenda. Akatangaza kwamba kijiji kitakuwa na shamba la tini. Vijana walitumwa, wakakata matawi yote kwa ajili ya kupanda, wakaacha kisiki. Na shamba likachaguliwa wapi? Chini bondeni, karibu na maji, kila shimo lijazwe samadi mpaka juu. Lilikuwa zizi la baba mkwe kwa mara ya pili, safari hii kwa nguvu ya kijiji kizima.

Asubuhi ya mkutano wa kupitisha shamba hilo nilimweleza mume wangu kila kitu upya, maana alikuwa mjumbe wa kamati. Mkutanoni nikanyoosha mkono pia, kwa kutomwamini. Mwenyekiti akaniambia, "Dada, mumeo si yuko hapa kwenye kamati? Atatusemea." Mume wangu akasimama, akakohoa, akavuta shati lake.

"Ndugu mwenyekiti, mke wangu anaunga mkono."

Watu wakapiga makofi. Walikuwa wananipigia mimi!

Sisemi nilikasirika. Nilimchukia. Nilimsongea ugali huku namchukia. Misimu miwili tulibeba samadi kichwani, na zamu yangu nilikwenda, maana sikutaka waongeze na uvivu juu yangu. Matunda yakaota ukungu, kama nilivyojua. Kamati ikakaa, ikaamua kwamba mbegu ya yule mama ilikuwa mbovu, miti ing'olewe, papandwe mahindi. Wanaokubali wanyooshe mikono. Mume wangu akanyoosha wake.

Siku hiyohiyo nilichukua jembe nikaenda mahameni kwetu. Kisiki kilikuwa kimekauka, ng'ombe wamekitafuna. Nilizunguka jabali, nikaingiza mkono kwenye ufa, nikagusa kitu laini. Lilikuwa chipukizi moja, halizidi urefu wa kiganja, limejificha humo ndani na mzizi wake. Nililia kwa hasira. Nilibeba chipukizi hilo pamoja na mawe kadhaa ya palepale, nikalipanda kwenye ukuta wa jiko langu jipya, na sikumwomba mtu ruhusa.

Na kuanzia siku hiyo sikumsemesha tena mume wangu. Neno langu kwake lilipita kwa binti yetu. "Mwambie baba yako maji ya kuoga tayari." "Mwambie baba yako mbuzi wametoka." Yeye akijibu, namsubiri mtoto anirudishie. Majirani hawakushangaa sana, kwani kwetu maneno kupitia kwa mtu ni heshima.

Miaka ikapita, mtini ukazaa, na majirani waliotaka vijiti wakawa wanamwomba mume wangu, eti ndiye mwenye mji. Alasiri moja nilikuwa nachuma, binti yangu ameshika kikapu, mume wangu akaja akasimama kando, kofia mkononi.

"Mama," akasema, "nilikosa. Siku ile mkutanoni nilikosa. Nionjeshe hata moja."

Nilichagua iliyoiva kuliko zote, nikaipasua katikati. Nusu nikampa binti yangu, nusu nikala mimi, taratibu, nikimwangalia. Nilipomaliza nikafuta mdomo.

"Mwambie baba yako," nikamwambia mtoto, "mama anashukuru sana."